Niwekee jani

Kwenye kompyuta ninayofanyia kazi kuna folda imeandikwa MAJANI kwa herufi kubwa, nimeiweka pale juu kabisa nisihangaike kuitafuta mteja akiwa kasimama mgongoni kwangu. Ndani kuna majani kama 60 hivi. La mshubiri, la mnazi, la mwarobaini, majani mawili yamekumbatiana, jani linalodondosha tone la maji, jani lililojikunja likawa duara, na mengine hata sijui ya mti gani, ni majani basi. Kazi yangu ni kudizaini na kuprinti lebo na stika hapa Kariakoo, za vyakula kidogo, za dawa za mbu kidogo, ila nyingi ni za vipodozi, yani losheni, sabuni, mafuta ya nywele, skrabu, maski za uso, na kwenye kazi zote hizo sentensi ninayoisikia kuliko hata "punguza bei" ni hii: dada, niwekee jani.

Hakuna anayeniambia jani la nini. Mwenye losheni ya parachichi anataka jani, sawa, lakini na mwenye jeli ya nywele ya bluu, bluu kabisa kama ile ya kalamu, naye anataka jani. Kuna kaka alileta deodoranti, nikamuuliza humu ndani kuna nini ili nijue la kuandika, akafikiri kidogo akasema "harufu". Akawekewa jani.

Kabla hujamcheka yule kaka, ngoja nikwambie kwamba hilo jani na mimi lilishanipa hela.

Mwaka 2019 mimi na mdogo wangu tulianza kutengeneza sabuni za kuogea za mwani. Shangazi yetu analima mwani Jambiani, ule upande wa kusini mashariki wa Unguja, kilimo kilichoingia pwani ile mwishoni mwa miaka ya 80 na mpaka leo wanaoshinda nacho kwenye maji ya magotini ni akina mama. Tulikuwa tunachukua mwani mkavu kwake, tunausaga unga, tunachanganya na mafuta ya nazi, mawese na kostiki. Ndiyo, kostiki, ile soda kali inayounguza ngozi. Sabuni ya kweli ya kipande lazima ipitie kwenye kostiki au ndugu yake, mafuta peke yake hata ukiyakoroga mpaka kesho asubuhi yatabaki mafuta. Ukipima vizuri ile kostiki inaisha yote humo humo, inageuka sabuni na glisirini, kwaiyo si sumu na wala si siri, ila ukimwambia mteja "kostiki" anarudi nyuma hatua mbili.

Mwanzo tulizifunga kwa nailoni inayong'aa, stika ya pinki, tukaandika Sabuni ya Mwani, bei 3,000. Hazikuuzika. Yani mtu anashika, anageuza, anauliza "hii inang'arisha?", tukisema haing'arishi anairudisha. Mwezi mzima tumeuza 9, na 4 kati ya hizo alinunua mama.

Alafu kuna siku nimekaa ofisini nasubiri umeme nikaamua kuchezea tu. Nikachukua karatasi ya kaki, hii ya bahasha. Nikaandika kwa mwandiko unaofanana na wa mkono, rangi ya kijani iliyokolea: ASILIA. Chini yake, kwa herufi ndogo: haina kemikali. Nikaweka jani. Tukafunga kamba ya katani juu yake tukaenda nazo kwenye maonyesho ya wajasiriamali kule Masaki, bei 8,000. Sabuni zilezile! Baadhi hata zilikuwa zimeshaanza kupauka kwa kukaa. Zikaisha kabla ya saa nane mchana. Mama mmoja wa heshima zake, kabeba kikapu cha ukindu, aliinusa, akafumba macho, akasema "jamani, unaisikia kabisa bahari." Nikatabasamu tu. Ile bahari tuliinunua Kariakoo kwenye duka la manukato, ipo kwenye chupa ya plastiki. Mwani wenyewe ukikauka harufu yake si ya kumfumbisha mtu macho.

Nilikaa na hilo jambo muda mrefu, maana ukiniuliza nilimdanganya nini yule mama sina cha kukuonyesha. "Haina kemikali" ndiyo, huo ulikuwa uongo wa wazi, maji ni kemikali, chumvi ni kemikali, na kostiki ndo usiseme. Lakini kilichomfanya atoe 8,000 si yale maneno madogo ambayo sidhani hata aliyasoma. Ni kaki, katani na jani. Na vitu hivyo vitatu havijasema kitu chochote. Jani halisemi "nimetoka shambani", halisemi "sitakudhuru", halisemi "aliyelima alilipwa vizuri". Linakaa kimya pale, alafu wewe mnunuzi unalimalizia sentensi. Na kila mtu anaimalizia na kile kinachomsumbua. Mwenye mtoto mchanga anasoma "salama kwa mtoto". Mwenye chunusi anasoma "haitaniharibu". Aliyesoma habari za bahari kujaa plastiki anasoma "mimi si mmoja wao". Jani ni moja, wateja watatu, ahadi tatu, na wewe muuzaji hujaahidi hata moja, kwaiyo hakuna wa kukushtaki.

Hiyo kwangu mimi ndo biashara ya kijani kwenye vipodozi, imekaa hivyo.

Na haijaanzia kwetu. Anita Roddick alipofungua duka la kwanza la vipodozi la The Body Shop mjini Brighton, Uingereza, mwaka 1976, mwenyewe alikuja kusimulia kwamba kuta alizipaka kijani kilichokolea kwa sababu ndo rangi iliyoweza kuficha unyevu na ukungu. Chupa alikuwa anawajazia tena wateja kwa kuwa hela ya kununua chupa za kutosha hakuwa nayo. Lebo ziliandikwa kwa mkono. Yani vitu ambavyo leo mimi nalipwa kuviiga kwenye kompyuta, mwandiko wa mkono, kijani, chupa ya kujaza tena, kwake vilianza kama njaa. Simdharau, yule mama alipigania kweli vipodozi visijaribiwe kwa wanyama wakati wakubwa wa biashara hiyo hawakutaka hata kusikia. Ila angalia safari yenyewe, 2006 kampuni inauzwa kwa L'Oréal, wale wakubwa wa vipodozi wa Ufaransa, na Februari 2024 ile ya Uingereza inawekwa chini ya msimamizi kwa kulemewa kifedha. Burt's Bees nao, wale wa mafuta ya midomo ya nta ya nyuki wenye picha ya mzee mwenye ndevu, 2007 walinunuliwa na Clorox kwa zaidi ya dola milioni 900. Clorox ni wale wa maji ya kung'arishia nguo. Sisemi mafuta yakaharibika siku ya pili yake. Nasema yule mzee wa kwenye kopo alibaki na ndevu zake zilezile, na mnunuzi akaendelea kumalizia sentensi ileile.

Sasa niseme kitu nilichokiona kwenye meza yetu ya sabuni ambacho hakikai vizuri na maneno ya kwenye semina. Kwenye semina wanatwambia mteja wa siku hizi anajali mazingira. Inawezekana. Mimi nimeuza sabuni za "asilia" karibu miaka miwili, na sikumbuki hata mtu mmoja aliyeniuliza maji machafu tunamwaga wapi, au mawese tumetoa wapi, Kigoma au nje. Wote waliniuliza kuhusu ngozi yao. "Haitanichubua?" "Mtoto anaweza?" "Haina parabeni?" Mazingira wanayoyawaza watu wakishika losheni ni yale yanayoanzia kichwani yanaishia kwenye nyayo. Na kundi la pili, nalo si dogo, lilikuwa linanunua sabuni ili ionekane. Dada mmoja alichukua 3 akaniambia moja kwa moja hizi si za kuoga, naziweka choo cha wageni. Nilipoenda kwake mwaka uliofuata nikaikuta moja bado ina katani yake.

Hilo la parabeni nataka nikae nalo kidogo, maana linaonyesha hofu inavyouza na inavyoweza kukugeuka. Parabeni ni vihifadhi, vinazuia ukungu na bakteria kwenye kitu chenye maji. Mwaka 2004 ulitoka utafiti Uingereza uliopima uvimbe wa saratani ya matiti, sampuli 20, ukakuta parabeni ndani yake. Haukulinganisha na matiti yasiyo na saratani na haukusema parabeni ndo zilizosababisha, lakini magazeti yalishapata habari yake. Baada ya hapo kila kopo likaanza kuandikwa "haina parabeni", na mimi hapa nimeprinti hilo neno mara ambazo siwezi kuhesabu, mpaka kwenye stika ya mafuta ya nazi matupu, ambayo hayana maji na wala hayakuwahi kuhitaji parabeni. Sasa ukitoa kihifadhi lazima uweke kingine, la sivyo losheni inaota manyoya. Viwanda vingi vikakimbilia kitu kinaitwa methylisothiazolinone, jina refu kama treni, na watu Ulaya wakaanza kuvimba na kuwashwa kwa wingi hadi chama cha madaktari wa mzio wa ngozi cha Marekani kikakipa kitu hicho taji la mleta mzio wa mwaka 2013. Umoja wa Ulaya ukaja kukipiga marufuku kwenye vipodozi vya kupaka na kuacha. Na zile parabeni? Mwaka 2019 chama kilekile kikazitangaza kuwa si mleta mzio wa mwaka, yani kama kuziomba radhi. Watu walikimbia kitu kisichowawasha wakaangukia kinachowawasha, na njia nzima ilikuwa imepambwa majani.

Kuna jioni nilikaa bafuni na losheni yangu mwenyewe, nikaamua leo naisoma kama vile nimeletewa kuiprinti. Ilikuwa ya mshubiri. Mbele, jani la mshubiri limekatwa linachuruzika ute, limechukua nusu ya chupa. Nyuma, maandishi ya mchwa. Sheria ya hii orodha kwa ufupi: kilichopo kwa wingi kinatangulia, kinachofuata kinapungua, ila vikishafika chini ya asilimia 1 mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga anavyotaka. Yangu ilianza na Aqua, maji. Kisha Paraffinum Liquidum, ambayo ni mafuta yanayotokana na petroli. Kisha glisirini, kisha vitu vya kushikanisha maji na mafuta. Nikashuka, nikashuka, nikakuta Phenoxyethanol, kihifadhi, ambacho kwa sheria ya Ulaya hakitakiwi kuzidi asilimia 1. Huu ndo mstari wa kuutafuta, kama ni losheni inayofuata sheria hizo basi vyote vilivyo chini yake havizidi asilimia hiyo. Chini yake kukawa na Parfum, manukato. Na chini ya manukato, ndo akaja bwana harusi: Aloe Barbadensis Leaf Juice. Mshubiri wenyewe, kaingia mlangoni wakati watu wanapanga viti.

Lakini kilichonichekesha mpaka mume wangu akagonga mlango ni vitu viwili vya mwisho. CI 19140 na CI 42090. Mimi ni mtu wa rangi, namba kama hizi nazijua nyumba zake. Ya kwanza njano, ya pili bluu. Ukichanganya njano na bluu, fundi yeyote wa kuprinti atakwambia unapata nini. Kile kijani cha losheni ambacho nilikuwa nakiona kama ute wa mshubiri kilitengenezwa vilevile ninavyotengeneza mimi kijani cha majani yangu kwenye mashine.

Niwe mkweli, hiyo losheni naendelea kuitumia. Ni nzuri, haigandi, na mafuta ya petroli yaliyosafishwa kwa ajili ya vipodozi hayana shida na ngozi yangu. Nilichokasirikia ni kwamba nililipa karibu mara mbili ya bei ya losheni ya pembeni yake, na tofauti yote ilikuwa kwenye stika. Hela ya stika hiyo! Mimi ninayeziuza.

Mpaka hapo ni mambo ya kucheka, tofauti ya bei tu. Kuna upande mwingine sicheki nao.

Mdogo wangu mwingine, mtoto wa mama mdogo, mwaka juzi alinunua krimu Insta. Shilingi 35,000, kopo dogo jeupe, "organiki glo", karoti, papai, limao, maziwa ya mbuzi, na picha za watu kabla na baada. Mkorogo unajulikana, miaka yote upo, mama zetu walikuwa wanaukoroga wakijua ni mkorogo na wanajificha kuununua. Ila mkorogo siku hizi umesilimu, umevaa kijani, unaitwa organiki na unanunuliwa mchana kweupe na watu wasiotaka hata kusikia neno mkorogo. Wiki mbili za kwanza alikuwa anang'aa kweli, tukamsifia. Wiki ya sita uso ulikuwa umeanza kuwaka akikaa juani, mashavu mekundu, na kuzunguka macho weusi ambao hakuwa nao maishani. Daktari akaomba kopo. Akaligeuza mara ya kwanza, akaligeuza mara ya pili. Hakukuwa na orodha ya vitu vilivyomo, hakukuwa na tarehe, hakukuwa na anwani, palikuwa na namba ya Whatsapp ambayo ilikuwa haipatikani tena. Akaniuliza mimi niliyemsindikiza, "huyu anaziprinti wapi hizi?"

Nikaliangalia lile jani. Ni la duara, limejikunja, lina mishipa sita upande mmoja na mitano upande wa pili kwa sababu siku nilipolichora nilichoka nikasahau mmoja. Sikumjibu daktari.

Jani hilo nimewauzia watu wengi, wengine wamelikopi kwa wenzao, kwaiyo lebo ile huenda haikutoka kwenye mashine yangu. Najiambia hivyo. Kopo halikwenda maabara, lakini aina ya vitu ambavyo hukamatwa kwenye krimu za hivi inajulikana: haidrokwinoni ya kuchubua rangi ya ngozi, zebaki, steroidi. Nchini kwetu haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi miaka mingi, usimamizi ulikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, mpaka 2019 ukahamia TBS, shirika la viwango. Zebaki dunia nzima ina mkataba wake, Minamata, ambao kwanza ulitaka vipodozi vyenye zaidi ya sehemu 1 kwa milioni viishe ifikapo 2020, na 2023 nchi zikakubaliana kuondoa hata huo upenyo. Sheria zipo. Yule muuzaji wa Insta wa mdogo wangu, ukimsomea sheria, atakuonyesha papai.

Tangu siku ile nina kanuni moja ndogo ofisini: sichapi neno organiki kwenye kopo ambalo hujaniletea orodha ya vilivyomo. Nimepoteza wateja, wanaenda duka la tatu kutoka kwangu, wanaprintiwa.

Watu wananiambia, basi si bora turudi kwenye vya asili vya kweli, vya bibi. Navipenda, nimelelewa navyo, bibi yangu alikuwa anasaga liwa kwenye jiwe kwa maji kidogo, na nikiolewa nilisuguliwa singo lenye asumini na mrehani na karafuu mpaka shuka lilinukia siku nne. Lakini hata huko neno "asili" lisikulaze usingizi. Chukua piko. Mabinti wanaleta oda ya stika "hina nyeusi asilia", na hina ya mti haijawahi kuwa nyeusi, rangi yake ni wekundu wa kahawia. Weusi ule wa haraka unatokana na dawa ya kuweka nywele nyeusi, PPD, na wapo waliobaki na makovu yenye umbo la ua walilochorwa. Na chukua msandali, huu wa porini kwetu, Osyris lanceolata. Asili mia kwa mia, hauna kemikali, unaingia kwenye manukato ya watu wakubwa. Mafuta yake yapo kwa wingi kwenye mizizi, kwaiyo mvunaji haukati, anaung'oa mzima. Kenya walipiga marufuku kuuvuna mwaka 2007 na magendo yakaendelea hadi 2013 ukaingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa dunia wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, kwa nchi za Afrika Mashariki. Maeneo kadhaa mti huo umepungua sana porini kwa kuwa ni wa asili. Ungekuwa unapikwa kiwandani ungekuwa umesimama zake.

Kuhusu vyeti nitasema kidogo tu. Vipo vya kweli, mfano COSMOS wa Ulaya wana hesabu kabisa, asilimia ngapi ya vitu vya shambani iwe ya kilimo hai, maji hayahesabiwi, na wanakagua. Marekani neno "natural" kwenye kipodozi halina tafsiri ya kisheria, kila mtu analivaa. Ulaya wana sheria inayoanza kufanya kazi Septemba 2026 ya kuzuia madai ya kijani ya jumla jumla yasiyo na ushahidi. Huku kwetu mteja aliniambia "na kale kasungura nako niwekee". Ni alama ya kwamba bidhaa haikujaribiwa kwa wanyama, ina wenyewe, unaomba, unakaguliwa. Nikamuuliza unajua maana yake? Akasema si ulaini, ngozi iwe kama sungura.

Vifungashio navyo. Mwaka 2021 kampuni ya Innisfree ya Korea Kusini iliingia matatani kwa chupa yake iliyoandikwa "habari, mimi ni chupa ya karatasi". Mnunuzi mmoja akaipasua akakuta ndani chupa ya plastiki imevishwa koti la karatasi. Kampuni ikajitetea kwamba plastiki ilipungua kama nusu, ambayo nadhani ilikuwa kweli, na ikaomba radhi kwa jina. Tulicheka sana ofisini. Alafu bosi akaangalia mifuko yetu ya kufungia mizigo, hii mbadala iliyokuja Juni 2019 baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku, laini kama kitambaa, ya kijani, na akatwambia imetengenezwa kwa polipropilini. Plastiki. Imefanywa ifanane na kitambaa tu ikapendeza.

Na wakati huohuo nyuma ya nyumba yetu Temeke kuna mama anauza mafuta ya nazi ya kupima. Anakamua mwenyewe, anapika kwenye sufuria, machicha anawapa kuku. Unaenda na chupa yako, ya maji, ya Konyagi, yoyote, anakupimia kwa kikombe unaondoka. Hana stika. Kile ambacho maduka ya Ulaya siku hizi wanakiita kituo cha kujaza tena na wanakipigia picha, yeye anacho toka nimezaliwa. Siku moja nikamwambia mama, nikutengenezee lebo nzuri, bure. Akaniuliza ataibandika wapi, chupa si ni zenu.

Wiki iliyopita akaja kijana, nadhifu, ndevu zimechongwa, anataka lebo 200 za mafuta ya ndevu. Kaki, mwandiko wa mkono, jani. Nikamwambia nipe vilivyomo. Akawa mkweli, nikampenda hapo hapo: mafuta ya nazi, na matone ya manukato, basi. Nikamwambia safi, tuandike hivyohivyo kubwa mbele, Mafuta ya Nazi ya Ndevu, watu wajue, ndo ukweli na ni mafuta mazuri. Akanitazama kama mtu anayeangalia mzazi wake akihangaika na simu mpya.

"Dada, nani atanunua mafuta ya nazi kwa elfu kumi na tano?"

Nyuma yake foleni ilikuwa imeshafika watu wanne. Nikamvutia stuli akae, nikaandika orodha yake nyuma, vitu viwili tu, kwa herufi kubwa kuliko ninavyoandikaga. Alafu nikafungua folda.